Mbwa anachechemea mguu wa mbele: uanze na macho, mikono, futi au eksirei?

Mwanza ni mji mgumu kwa miguu ya mbwa. Mbwa wa ulinzi wa Isamilo na Mabatini anashuka jiwe hadi jiwe usiku kucha. Wa Kayenze na Igombe anashinda mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, akigombania vichwa vya sangara katikati ya nyavu na ndoano. Wa Buhongwa anakimbiza bodaboda mpaka siku bodaboda inapompata yeye. Halafu asubuhi moja mwenye mbwa anamwona anaukanyaga mguu wa mbele nusunusu, na anaanza kuulizia: nimpeleke wapi, na apimwe vipi?

Nafanya kazi na mifugo kando ya ziwa, na naona watu wakikimbilia moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaotaka sindano ya maumivu siku hiyohiyo ili mbwa arudi lindoni jioni. Wapo pia, hasa wenye mbwa wa kununuliwa kwa bei, wanaotaka eksirei kabla hata mtu hajamgusa mnyama. Katikati hapo kuna upimaji wa bei nafuu kuliko yote, na ndio unaorukwa: ule wa fiziotherapia. Ni kumtazama mbwa anavyotembea, kumpapasa kiungo baada ya kiungo, kisha kupima misuli na mikunjo. Nitaulinganisha na njia nyingine ili ujue uanze na ipi, ipi isubiri, na wapi fedha yako itakwenda bure.

Yasiyo na mjadala

Mguu ukining'inia, ukipinda mahali pasipo na kiungo, mfupa ukitokeza, au mbwa asipoukanyaga kabisa, usilinganishe chochote. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo.

Mbwa asiye na chanjo ya kichaa ambaye amebadilika tabia, anatoka udenda, hamezi vizuri na mguu umelegea, usimshike. Kichaa cha mbwa kina sura ya ukali ambayo kila mtu anaijua, lakini kina pia sura ya kupooza, na hiyo huwadanganya watu wakadhani mnyama ameteguka. Mfungie mlango bila kumgusa, watoto wakae mbali, mwite afisa mifugo.

Na dawa za kwenu za nyumbani ziacheni. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na parasetamoli ni hatari kwa ini lake. Hata dawa sahihi ya mbwa, ukimpa saa chache kabla ya kupimwa, inampunguzia mpimaji kile alichokuja kukitafuta. Mbwa aliyetulizwa maumivu hutembea vizuri mbele ya daktari na kuanza kuchechemea tena mkifika nyumbani.

Daktari wa mifugo na mtu wa fiziotherapia: wanatafuta vitu viwili tofauti

Daktari anatafuta jina la ugonjwa: umevunjika, umeteguka, umeoza, una uvimbe. Mtu wa fiziotherapia anauliza mbwa anautumiaje mguu: kiungo kipi hakikunji, misuli ipi imepungua, mzigo ameuhamishia wapi. Kwenye mguu wa mbele swali hili la pili lina uzito wa pekee kwa sababu ya maumbile. Mbwa hana mtulinga wa maana, ule mfupa unaounganisha bega na kifua. Mguu wake wa mbele haukuunganishwa na kifua kwa kiungo chochote cha mfupa, umeshikiliwa na misuli mitupu kuanzia kombe la bega. Na juu ya misuli hiyo anabeba karibu asilimia 60 ya uzito wake wote. Mbwa wa kilo 30 ana kama kilo 18 mbele, yaani kilo 9 kila mguu akiwa amesimama tu, na akiruka kutoka jiweni mzigo huo unazidi mara kadhaa. Kwa hiyo baadhi ya maumivu ya huku hayako kwenye mfupa, na picha ya mfupa haitayaonyesha.

Uingereza na Marekani kuna watu waliosomea fiziotherapia ya wanyama, na Uingereza wanafanya kazi kwa idhini ya daktari wa mifugo. Kwetu madaktari wa mifugo wanasomea Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na wataalamu wa fiziotherapia wanasomea binadamu. Kwa hiyo ukiwa Mwanza, usitarajie kukuta bango la “fiziotherapia ya mbwa” kila mtaa. Utakachopata ni daktari wa mifugo mwenye subira ya kumtazama mbwa akitembea, au mtu wa fiziotherapia wa hospitali ya binadamu anayependa wanyama na aliye tayari kushirikiana na huyo daktari. Wakikaa pamoja ni kitu kizuri sana. Akija huyu wa pili peke yake, bila daktari kumwona mbwa kwanza, mimi sishauri. Anajua misuli, lakini hajafundishwa saratani ya mfupa ya mbwa wala homa za kupe.

Fundi wa mifupa wa mtaani, yule anayevuta na kufunga vijiti, simweki kwenye ulinganisho huu. Mguu wa mbele wa mbwa ukivutwa kwa nguvu, neva za kwapani zinaweza kung'oka, na hizo hazirudi.

Macho: bure, na yanakosea kwa njia zinazojulikana

Anza hapa, kila mara. Tafuta sehemu tambarare, jambo ambalo Mwanza lina kazi yake. Uwanja wa mpira asubuhi unafaa, barabara ya lami isiyo na magari inafaa zaidi. Mtu mwingine amwongoze mbwa kwa kamba iliyolegea. Kamba fupi iliyokazwa shingoni inashikilia kichwa, na kichwa ndicho unachokitazama.

Mwache kwanza atembee, halafu akimbie taratibu, ule mwendo wa mguu wa mbele kulia kutua pamoja na wa nyuma kushoto. Kanuni ni hii: mguu mbovu ukigusa chini, kichwa kinapanda, na mguu mzima ukitua, kichwa kinashuka. Mbwa anajinyanyua ili asiukalie mguu unaouma. Watu wengi huiona ile kuinama kwa kichwa na kuulaumu mguu uliotua wakati huo, kumbe ule ndio mzima. Ukikosea hapo, kila kinachofuata kitafanywa kwenye mguu usio na tatizo.

Simu inasaidia sana hapa kuliko jicho la mtu, hata jicho langu. Rekodi kwa mwendo wa polepole, ubavuni, mbele na nyuma, ukiwa umechuchumaa simu iwe usawa wa bega la mbwa. Ukirekodi ukiwa umesimama, utapata video ya mgongo. Kisha mshushe kwenye mteremko, maana mbwa anaposhuka anahamishia uzito mbele na kuchechemea kunaongezeka. Hapo milima ya Mwanza inatusaidia: vishoroba vya Igogo au Bugando vinaonyesha ambacho uwanja wa mpira umeficha. Mzungushe pia duara dogo, kulia na kushoto, maana mguu ulio upande wa ndani wa duara ukiwa mbovu mara nyingi utajionyesha.

Sasa udhaifu wa macho. Kwanza, kuchechemea kukiwa kidogo, hata wataalamu hawakubaliani. Wamelinganishwa na vibao vya kupimia nguvu ya mguu unapokanyaga, na macho yakashindwa. Pili, mguu wa nyuma unaweza kujifanya wa mbele. Mbwa mwenye maumivu nyuma kushoto huinamisha kichwa mguu huo unapotua ili kuvutia uzito mbele, na kwa kuwa wakati huohuo mguu wa mbele kulia nao umetua, kwa macho inaonekana kama mbele kushoto ndiko kubovu. Kwa hiyo usiache kutazama kiuno. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, mbwa mwenye maumivu kwenye viwiko vyote viwili hana mguu mzima wa kukimbilia. Kichwa chake hakipandi wala hakishuki. Anapiga hatua fupi tu, ngumungumu, viwiko vimekaa vibaya, na mwenye mbwa anakuambia “huyu ni mvivu.”

Kabla hujamaliza, mtazame amesimama. Mguu unaouma huwa umesogezwa mbele kidogo au vidole vimegeukia nje. Kisha angalia kucha. Mbwa wetu wanaoishi juu ya mawe hawahitaji kukatwa kucha, jiwe linawasugua. Ukikuta kucha za mguu mmoja ni ndefu kuliko za mwenzake, ujue mguu huo haukanyagi sawasawa, na si tangu jana. Na kucha zikiwa zimelika juu badala ya chini, mguu unaburuzwa, na hapo fikiria neva.

Mikono: hapa ndipo pa kulipia

Kama una fedha ya jambo moja tu, lipia mikono ya mtu anayejua. Tofauti kati ya daktari mwenye haraka na mpimaji wa kweli inaonekana mwanzoni kabisa: mwenye haraka anakamata bega, mpimaji anaanza na mguu usiouma. Anataka kujua huyu mbwa, akiwa hana maumivu, anavumilia kiasi gani. Halafu anahamia mguu mbovu na anaanza chini.

Kijana mmoja wa Kayenze alinijia amembeba mbwa wake mweusi kifuani.

“Shikamoo daktari. Huyu bega limechomoka.”

“Marahaba, mdogo wangu. Bega tutalifikia. Mgeuze kwanza nione nyayo.”

Kati ya vidole viwili vya kati kulikuwa na kitundu kidogo kilichoanza kuziba, manyoya yamelowa mate kwa kulambwa. Nilipobonyeza pembeni, ncha ya chuma ikagusa ukucha wangu. Ilikuwa ndoano ya sangara, shina limekatika. Vitu hivi havivutwi kwa nyuma, vina mwiba unaoshika nyama. Mbwa hupigwa ganzi, ndoano ikasukumwa itokee mbele, ukakatwa ule mwiba, kisha ikarudishwa. Bega lilikuwa zima kabisa, na eksirei ya bega ingetoka safi.

Kwenye nyayo tafuta hayo: ndoano, miiba, vigae vya chupa, funza, kupe waliojificha kati ya vidole, kucha iliyopasuka hadi kwenye nyama, kidole kilichovimba. Kwa mbwa wa kando ya ziwa, mimi hutumia muda mwingi hapa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kutoka hapo unapanda. Kifundo, kile kinacholingana na kiungo cha kiganja chako, kwa mbwa mzima kinakunjika mpaka nyayo inakaribia kugusa nyuma ya mguu. Mbwa aliyeanguka kutoka jiweni na kutua vibaya huwa amekata kano za upande wa nyuma wa kiungo hiki, na akisimama kifundo kinazama kuelekea chini. Hilo utaliona hata kwa macho.

Kiwiko kinataka utulivu. Unakikunja polepole, unakinyoosha, kisha unabonyeza upande wa ndani kwa kidole gumba huku ukizungusha nyayo ndani na nje. Mbwa mwenye tatizo la kiwiko hapigi kelele lazima. Wengine wanalamba pua, wanageuza kichwa kukutazama, au wanaacha kuhema ghafla. Ndiyo maana mpimaji anatakiwa atazame uso, si mguu, na ndiyo maana anahitaji mtu wa pili wa kumshika mbwa.

Bega lina mitihani yake. Likinyooshwa mbele kabisa likauma kwa mbwa mkubwa wa miezi mitano hadi minane, wazo la kwanza ni gegedu iliyobanduka kichwani mwa mfupa wa mkono. Likikunjwa huku kiwiko kimenyooka, na ukabonyeza mfereji ulio mbele ya bega upande wa ndani, maumivu yanaelekeza kwenye kano ya misuli ya mbele ya mkono. Mguu ukifunguliwa kwenda nje, bega zima linaishia karibu nyuzi 30, na lililolegea upande wa ndani linapita 50. Mtihani huu wa mwisho ni wa daktari, mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, kwa sababu misuli iliyokaza inaficha kila kitu.

Usisahau mifupa yenyewe, katikati ya viungo. Ukibana mfupa mrefu wa mbwa mchanga, German Shepherd hasa, akaruka kwa maumivu, na wiki iliyopita alikuwa anachechemea mguu mwingine, kuna ugonjwa wa ukuaji unaohamahama hivyo na mara nyingi unaisha wenyewe. Uvimbe mgumu juu kidogo ya kifundo au karibu na bega, kwa mbwa mkubwa aliyezeeka, ni habari tofauti kabisa. Sehemu hizo mbili ndizo saratani ya mfupa inazozipenda kwenye mguu wa mbele, na hapo acha mazoezi yote, eksirei ifanyike wiki hiyohiyo.

Mwisho, shingo. Mwongoze mbwa kwa kipande cha nyama ageuze kichwa hadi ubavuni, kulia na kushoto, kisha juu na chini. Asiyetaka kugeuka, au anayenyanyua mguu anapogeuka, huenda shida iko kwenye uti wa shingo na mguu unasingiziwa. Kisha geuza nyayo iguse chini kwa juu yake. Mbwa mwenye neva nzima anairudisha papo hapo. Akiiacha vilevile, hii si kazi ya kukandakanda.

Futi na mizani: havigundui ugonjwa, vinakushikia kumbukumbu

Hapa ndipo fiziotherapia inapomwacha daktari wa kawaida nyuma, na ndipo watu wanapodhani ni mapambo. Futi ya fundi cherehani inatosha. Pima mzunguko wa mguu juu ya kiwiko, mahali palepale pande zote mbili, mbwa akiwa amesimama, mara tatu, na mtu yuleyule. Tofauti ndogo inaweza kuwa manyoya au mkono wako. Tofauti inayojirudia kila ukipima ni misuli iliyopungua, na misuli haipungui kwa siku mbili. Pitisha vidole pia juu ya kombe la bega: ukiusikia ule ukingo wa mfupa umesimama wazi upande mmoja kuliko mwingine, umepata jibu lilelile bila futi.

Pembe za viungo hupimwa kwa goniomita, kile kirula cha plastiki chenye mikono miwili ambacho idara ya fiziotherapia ya binadamu huwa nacho. Vipimo vinavyonukuliwa sana ni vya Labrador wazima:

| Kiungo | Kikikunjwa | Kikinyooshwa |
|---|---|---|
| Bega | 57° | 165° |
| Kiwiko | 36° | 165° |
| Kifundo | 32° | 196° |

Mbwa wetu wa kienyeji ni mwepesi na ana miguu ya aina nyingine, kwa hiyo usimhukumu kwa jedwali la Labrador. Mlinganishe na mguu wake mwenyewe wa upande wa pili.

Mizani miwili ya kupimia watu, ya aina moja, inafanya kazi ya mashine ya gharama kubwa kwa kiasi cha kuridhisha. Weka kila mguu wa mbele kwenye mzani wake, miguu ya nyuma juu ya kitu cha kimo kilekile, mbwa atazame mbele moja kwa moja. Akigeuza kichwa kwa mwenye nyama, kilo zinahama. Soma mara tano au sita. Mbwa wa kilo 30 akikupa kilo 11 huku na 7 kule kila mara, huhitaji mtu wa kukushawishi. Na kwa yule wa viwiko vyote viwili, jumlisha mbele: ikiwa chini sana ya ile asilimia 60, amerudisha mzigo nyuma.

Faida kubwa ya namba hizi inakuja baada ya wiki mbili au tatu za kupumzishwa au mazoezi, unapopima tena. “Naona kama ana nafuu” si kipimo, hasa kwa mtu anayetaka mlinzi wake arudi kazini.

Eksirei: mfalme wa mifupa, kipofu wa misuli

Kwa kuvunjika, kuteguka, uvimbe wa mfupa na kiungo kilichozeeka, hakuna kinachoishinda. Lakini kano iliyochanika haionekani, misuli haionekani, na kiwiko cha mbwa mchanga kinaweza kuwa na kipande cha mfupa kilichoanza kumeguka ndani wakati picha inaonekana safi. Kwa tatizo hilo kipimo bora ni CT, yaani eksirei ya kompyuta inayopiga vipande kwa vipande, na kwa kano ni ultrasaundi mikononi mwa mtu aliyezoea mbwa.

Ukiamua kulipia, dai picha mbili za mahali hapohapo, ya mbele na ya ubavu. Picha moja ni nusu ya habari. Dai pia ya mguu wa pili usiouma kwa kulinganisha kama mbwa bado anakua. Na mwambie anayepiga ni kiungo kipi, hapo ndipo mikono inapookoa fedha: “piga mguu wote” inakupa picha pana ambayo hakuna kiungo kilichokaa sawa.

Kipo kipimo kingine ambacho watu hawakifikirii kwenye kuchechemea: damu. Mbwa mwenye kupe wengi, homa, fizi zilizopauka na miguu inayobadilishana kuuma anaweza kuwa na ugonjwa wa kupe unaoingia kwenye viungo. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Mwanza, mwulize daktari wako kama sampuli ipelekwe huko.

Sasa uchague

Mbwa wa kienyeji wa mwaloni aliyeanza ghafla kuchechemea: nyayo kwanza, leo, wewe mwenyewe kama si mkali. Uwezekano wa kukuta kitu ni mkubwa, na kila kipimo kingine ni gharama ya kuzunguka.

Aliyegongwa na bodaboda: daktari na eksirei, haraka, hata kama anakanyaga. Kama mguu unaburuzwa na hahisi ukibana kidole kwa nguvu, neva za kwapani zimeumia, na mtu wa fiziotherapia anahitajika mapema ili viungo visikauke wakati mnangoja kuona kama zitaamka.

Mbwa mchanga wa uzao mkubwa, miezi minne hadi mwaka mmoja: macho, mikono, kisha eksirei ya kiwiko na bega pande zote mbili. Huyu usimsubirishe kwa kusema atakua. Tatizo la kiwiko likichelewa linageuka kuwa baridi yabisi ya maisha, na German Shepherd wengi wanaolinda nyumba za Capri Point na Nyegezi ni wa kundi hili.

Mlinzi wa umri wa kati anayechechemea akiamka, anapata nafuu akitembea, anarudia jioni, na eksirei imetoka safi: huyu ndiye hasa wa fiziotherapia. Hapa ningelipa saa nzima ya mikono, futi na mizani kabla ya kulipia picha ya pili. Mbwa mzee mwenye uvimbe mgumu yuko kinyume chake, picha kwanza.

Kuna ushauri unaozunguka sana huku kwetu, wa kumwogelesha mbwa ziwani ili mguu “ulainike”. Kuogelea kunamfanya mbwa apige makasia kwa miguu ya mbele kwa nguvu, viwiko na mabega yakikunjwa kuliko anapotembea. Ni zoezi zuri kwa tatizo fulani na ni baya kwa bega lililolegea au kano iliyochanika, kwa hiyo lisitangulie kipimo. Isitoshe, wewe utakayesimama majini ukimshika unaweza kutoka na kichocho, na kuna fukwe zenye mamba ambao hawaulizi nani anafanya tiba.

Unapopiga simu kliniki, iwe ya mjini au ukiwa unavuka kutoka Sengerema kwa daraja la Kigongo–Busisi, uliza kama watamtazama mbwa akikimbia nje, au atapimwa mezani tu. Uliza kama wanaandika vipimo na kukupa nakala, na kama mashine ya eksirei iko palepale au utatumwa kwingine. Nenda na video za simu, kadi ya chanjo, na kitambaa cha kumfunga mdomo. Usimlishe asubuhi hiyo, huenda akahitaji dawa ya usingizi.